Fizikia ya mitihani ya mchujo: tafuta kwanza kitu ambacho hakibadiliki

Tuanze na safari. Umepanda Coaster Arusha unaenda Moshi, tuchukulie ni kilomita 80, na kwa sababu ya tochi za matrafiki, vile vipima spidi, pale Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe na kila sehemu yenye nyumba tatu, mmejikuta mmeenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa. Sasa mnageuza. Dereva arudi na wastani wa ngapi ili safari yote, kwenda na kurudi, iwe na wastani wa 80 kwa saa?

Hili swali nimewauliza watu wengi mpaka nimeacha kushangaa. Karibu wote wanasema 120, tena wanasema haraka na wanajiamini, 40 jumlisha 120 gawa kwa 2 ni 80, biashara imeisha.

Jibu ni kwamba haiwezekani. Hata dereva angekuwa na roketi. Kwenda na kurudi ni kilomita 160, ukitaka wastani wa 80 inabidi safari nzima ichukue masaa 2, lakini kwenda peke yake, kilomita 80 kwa spidi ya 40, umeshakula masaa 2 yote. Muda umeisha mko stendi ya Moshi na hamjageuza hata gari. Na akirudi na 80 ni saa 1, jumla masaa 3, wastani 160 gawa kwa 3, kama 53.3 hivi, sio 60 kama watu wanavyotamani iwe.

Nimeanza na hili makusudi kwa sababu halina fizikia ngumu, mtoto wa darasa la saba ana kila kitu anachohitaji kulijibu. Aliyesema 120 hakukosa fomula. Alichokosa ni kujiuliza, kati ya spidi, muda na umbali, ni kipi kimebaki vile vile kwenda na kurudi. Ni umbali. Kujumlisha spidi mbili na kugawa kwa mbili kunafanya kazi pale ambapo muda ndio uko sawa, yaani saa moja umeenda hivi na saa moja umeenda vile. Hapa muda hauko sawa hata kidogo.

Mimi nafundisha tuisheni hapa Moshi, sebuleni kwangu, ubao mmoja na viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, na wanaokuja wengi wamemaliza au wanakaribia kumaliza Form Six, PCM na PCB, yaani fizikia na kemia pamoja na hesabu au baiolojia. Kwetu hapa mtihani wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, wenyewe ndio mchujo, anayetaka udaktari KCMC hapa Moshi au uinjinia UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anajua alama moja inaweza kumhamisha kozi. Ila siku hizi kuna wengine wanalenga mitihani ya nje, hasa ya India, ile JEE Main ya kuingia vyuo vya uinjinia ambayo wakisikia jina tu wanaanza kunywa maji, na tangu 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wana kampasi Zanzibar, nao wana mtihani wao wa mchujo pamoja na usaili. Kwa hiyo maswali ya namna hii yameshafika mlangoni.

Sasa tofauti iko wapi. Kwenye karatasi yetu ya NECTA unaandika njia, ukipotea mwishoni unaokota alama za hatua ulizopita. JEE Main kwa mpangilio wa 2025 ni maswali 75 ndani ya dakika 180, fizikia 25, kemia 25, hesabu 25, hakuna kikokotoo, swali la kuchagua ukipata unapewa 4 ukikosa unakatwa 1. Hakuna anayesoma njia yako. Gawa 180 kwa 75 unapata dakika 2 na sekunde 24 kwa swali, kusoma ndani yake, kufikiri ndani yake, kupenga kamasi ndani yake. Mtoto aliyezoeshwa kuandika kilichotolewa, kinachotakiwa, fomula, ufumbuzi, kwa mwandiko mzuri na kupigia mstari jibu kwa rula, hapo anafia swali la 20.

Na wengi wakigundua hivyo wanachofanya ni kwenda kukariri fomula nyingi zaidi. Nimeona daftari la chalii mmoja wa Arusha lina fomula zaidi ya mia mbili, kwa rangi, nyekundu za mekanika, bluu za umeme. Daftari zuri sana. Alikuwa anakosa swali la manati.

Swali la manati ni hili, nalitumia kila mwaka. Mtoto ana manati, anarusha jiwe la gramu 20 likitoka na spidi ya mita 30 kwa sekunde. Mbele kuna bonge la udongo wa mfinyanzi la gramu 580 limening'inizwa kwa kamba kwenye tawi la mwembe. Jiwe linalipiga bonge, linazama ndani, linaganda humo, bonge linabembea na kupanda. Linapanda kimo gani? Chukua g, ile akselerasheni ya mvutano wa dunia, ni 10.

Chalii wetu hakusita. Nishati ya jiwe ni nusu mara 0.02 mara 30 mraba, joule 9. Nishati haipotei, si ndio tumefundishwa? Kwa hiyo joule 9 zote zinageuka kuwa za kimo, masi ya jumla ni kilo 0.6, mara 10, 9 gawa kwa 6, mita 1.5. Kapigia mstari na rula.

Nikamwambia basi simama chini ya huo mwembe. Kajiwe kadogo kama kokoto kanapiga bonge la zaidi ya nusu kilo la udongo laini, na bonge linaruka mita moja na nusu, linakuja kukupiga kidevuni. Umewahi kuona? Akacheka, akasema ticha labda manati ya kijeshi.

Kilichotokea pale ni kwamba alisoma kama hadithi moja kumbe ni mbili zimeshonwa pamoja. Hadithi ya kwanza ni fupi sana, jiwe linapiga na kuzama. Muda huo mfupi kamba iko wima, inavuta juu, uzito unavuta chini, hakuna anayesukuma kwa ubavu, kwa hiyo momentamu ya ubavu, yaani masi mara spidi, inabaki ile ile. Kabla ilikuwa 0.02 mara 30, yaani 0.6. Baada ya hapo kinachotembea ni kilo 0.6, kwa hiyo spidi ni mita 1 kwa sekunde. Nishati je? Hiyo ndio iliyoliwa, udongo umebonyea, umepata joto kidogo, umetoa ule mlio wa pwa. Ukihesabu iliyobaki ni nusu mara 0.6 mara 1, joule 0.3. Kati ya joule 9, joule 8.7 zimekwenda kwenye kubonyeza udongo.

Hadithi ya pili ni kubembea. Hapa mambo yanageuka kabisa. Momentamu sasa haibaki, kwa sababu kamba imeshainama na inavuta upande na uzito unavuta chini, bonge linapungua spidi mpaka linasimama. Lakini kamba inavuta pembeni ya njia ya bonge muda wote, haifanyi kazi yoyote kwenye bonge, na hakuna kinachobonyea tena, kwa hiyo nishati ndio inayobaki. Kimo ni spidi mraba gawa kwa 2g, 1 gawa kwa 20, mita 0.05. Sentimita tano. Urefu wa kiberiti.

Mita 1.5 na sentimita 5, tofauti mara 30, ambayo sio bahati mbaya, ni uwiano wa kilo 0.6 kwa 0.02. Na sikiliza, hiyo mita 1.5 kwenye mtihani wa kuchagua utaikuta pale kwenye herufi B imekaa inakusubiri. Watunga maswali wanajua utakosea wapi, wanafanya kosa lako kabla yako, wanaandika jibu lake kama chaguo. Ukipata jibu halafu ukaliona kwenye orodha unafurahi, unasema limo, kumbe kuwepo kwake hakukuambii kitu chochote.

Kwa hiyo pale kwangu sheria ni moja, kabla ya kushika fomula tamka kwa mdomo, kwa Kiswahili, nini hakibadiliki hapa na mpaka lini. Hilo la mpaka lini ndilo watu wanaliruka. Kila sheria ya kubaki ina masharti yake na ina muda wake, momentamu inabaki mpaka mtu wa nje aanze kusukuma, nishati ya mwendo na kimo inabaki mpaka kitu kibonyee au kisuguane. Maswali mengi yanayoitwa magumu yanakaa hapo kwenye mshono, pale hadithi ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanza.

Nasisitiza kwa Kiswahili kwa sababu nyingine pia. Tunasoma fizikia kwa Kiingereza halafu tunafikiria kwa Kiswahili, na katikati hapo kuna vitu vinamwagika. Mtihani una maneno yake ya siri na ukiyasoma kama Kiingereza cha kawaida unaona ni mapambo tu. Wakisema uso ni laini wanamaanisha msuguano sifuri, futa kabisa. Kamba nyepesi maana yake haina masi, kwa hiyo mvuto wake ni ule ule kutoka ncha moja mpaka nyingine. Kamba haivutiki, basi vitu vilivyofungwa kwenye ncha zake vina spidi moja. Kitu kimeachiwa, spidi ya mwanzo sifuri. Kinakaribia kuteleza, msuguano umefika kikomo chake, na ni hapo tu unaruhusiwa kuandika kwamba msuguano ni mgawo wa msuguano mara kani ya kuegemea, ile ambayo uso unakisukuma kitu. Kitu kimetulia mezani halafu unaandika hiyo fomula, umeshakosea, kwa sababu msuguano wa kitu kilichotulia unatoa kiasi kinachohitajika tu, kama mtu anayekulipa deni unalomdai na sio zaidi.

Nirudi kwenye kisichobadilika maana kuna mfano mtamu kuliko yote na uko hapa hapa tunapouangalia kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Una saa ya pendulamu, inakwenda sawasawa kabisa ikiwa usawa wa bahari. Unaipandisha mpaka kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, na tuseme urefu wa pendulamu haujabadilika kwa baridi. Kwa siku moja itachelewa sekunde ngapi? Nusu kipenyo ya dunia chukua kilomita 6,371.

Mtoto wa fomula anaanza kutafuta g ya kileleni. Anaandika sheria ya Newton ya mvutano, anatafuta masi ya dunia, 5.97 mara kumi kwa kipeo cha 24, anatafuta G, ile namba ya mvutano isiyobadilika, anazidisha, anagawa kwa mraba wa kilomita 6,376.895, anapata g, anaingiza kwenye fomula ya pendulamu, anatafuta kipeuo cha pili, na yote hiyo bila kikokotoo. Dakika kumi zimekwenda na jibu linatoka la ajabu kwa sababu mabadiliko yenyewe ni madogo mno, yanazama kwenye makosa ya kukadiria.

Sasa uliza swali letu. Nini hakibadiliki? Masi ya dunia haibadiliki, G haibadiliki, urefu wa pendulamu haubadiliki, ile mbili pai haibadiliki. Vyote hivyo havina kazi, tupa. Kinachobadilika ni umbali kutoka katikati ya dunia peke yake. g inapungua kwa mraba wa umbali huo, muda wa kubembea unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha g ikipungua, mraba na kipeuo cha pili vinauana, kwa hiyo muda wa kubembea unakwenda sambamba na umbali wenyewe, kavu kavu. Umbali umeongezeka kwa 5.895 gawa kwa 6,371, kama sehemu 0.000925. Siku ina sekunde 86,400. Zidisha, unapata sekunde 80. Mistari miwili.

Mara ya kwanza nilipoona hii nilikaa kimya kwanza. Ule mraba na kile kipeuo cha pili vikifutana ni kama mtu kakufungulia dirisha. (Kwa wale wabishi, ndio, mlima wenyewe una mawe ya kutosha chini ya miguu yako nayo yanakuvuta chini, kwa hiyo kuchelewa kwenyewe kungekuwa kudogo kuliko hapo, swali la mtihani linajifanya uko hewani tu juu ya bahari. Mtihani ukitaka uhesabu mlima utakuambia.)

Hii njia ya uwiano, ya kuuliza kimeongezeka mara ngapi badala ya ni kiasi gani, ndio naiona inaokoa muda kuliko kitu kingine chochote. Kuna dogo siku moja alinijia na swali la lori amekunja sura, ticha hili swali limekosewa, hawajaweka masi. Swali lilikuwa hivi, lori linakwenda kilomita 72 kwa saa barabara tambarare, dereva anabana breki, matairi yanaganda na kuteleza, mgawo wa msuguano 0.5, litasimama baada ya umbali gani. Na kweli masi haikuwepo. Nikamuuliza, masi ikiwa kubwa msuguano unafanyaje? Unaongezeka. Na ugumu wa kulisimamisha? Unaongezeka. Kwa kiasi gani? Akanyamaza, halafu akasema aaah. Vinaongezeka sawa, vinafutana, lori na bodaboda kwenye hilo swali vinasimama pamoja. Spidi ni mita 20 kwa sekunde, mraba wake 400, gawa kwa mara mbili ya 0.5 mara 10, yaani gawa kwa 10, mita 40. Na kama lilikuwa linakwenda 36 kwa saa? Usianze upya. Spidi nusu, umbali robo, mita 10. Ndio maana wale matrafiki na tochi zao za 50 nawalaumu lakini nawaelewa.

Tafadhali usiende kujaribu hilo la lori na bodaboda kusimama pamoja kwenye mteremko wa Marangu. Breki za lori lenye mzigo zikishapata moto kwenye mteremko mrefu mgawo wa 0.5 unabaki kwenye karatasi.

Upande wa pili wa hii kazi ni kujua jibu linafananaje kabla hujalipata. Mafundi wanapandisha zege ghorofani kwa roda, kamba moja imepita juu, ndoo upande huu na ndoo upande ule. Ndoo moja kilo 3, nyingine kilo 2, kamba nyepesi, roda haina msuguano, zikiachiwa mvuto wa kamba ni ngapi? Chaguo ni nyutoni 10, 20, 24 na 50. Usihesabu. Ya kilo 2 ina uzito wa nyutoni 20 na inapanda ikiongeza spidi, kwa hiyo kamba inaivuta kwa zaidi ya 20. Ya kilo 3 ina uzito wa 30 na inashuka ikiongeza spidi, kwa hiyo kamba inaivuta kwa chini ya 30. Kati ya 20 na 30 iko moja tu. Sekunde kumi na tano, nenda swali lingine. Ukitaka kuhakikisha nyumbani, akselerasheni ni tofauti ya masi gawa kwa jumla ya masi mara g, yaani 1 gawa kwa 5 mara 10, mita 2 kwa sekunde mraba, na mvuto ni 2 mara 12, inatoka 24.

Hata hiyo fomula ukiisahau kama tofauti iko juu au chini unaweza kuihoji. Ndoo zikiwa sawa uzito, zitaenda? Haziendi, kwa hiyo inapaswa kutoa sifuri. Ukiigeuza juu chini unagawa kwa sifuri, roda inalipuka, basi sio hiyo. Ndoo moja ukiitoa kabisa, nyingine inadondoka bure kwa g. Inatoa g? Inatoa. Fomula imepita usaili. Kuna watu wanakariri fomula miaka miwili na hawajawahi kuihoji hata mara moja.

Sasa hili la kukatwa alama. Watu wanatishana, usibahatishe utakatwa. Tupige hesabu badala ya kutishana. Chaguo ziko nne, ukibahatisha maswali manne kwa macho yaliyofumba, kwa wastani unapata moja unakosa matatu, 4 toa 3, umebaki na 1. Robo alama kwa swali, juu ya sifuri, sio chini. Ukiweza kufuta chaguo mbili kwa kufikiri kama tulivyofanya kwenye roda, kila maswali mawili unapata moja unakosa moja, 4 toa 1, alama 3, yaani moja na nusu kwa kila swali. Hiyo ni biashara nzuri tu.

Ila kuna mtego na nauogopa zaidi ya ile kukatwa. Hiyo hesabu ni ya mtu anayebahatisha kweli, kama kurusha sarafu. Binadamu habahatishi, binadamu anachagua inayomvutia. Na inayomvutia ni ile 120, ile mita 1.5. Chaguo za uongo zimetengenezwa zivutie, kwa hiyo anayefuata hisia bila kufikiri anaweza kupata chini ya aliyefumba macho. Kama huna hata chaguo moja uliyoifuta kwa sababu unayoweza kuitamka, ruka. Mimi nilipojipima mara ya kwanza na karatasi ya namna hii kwa saa, tena nikiwa mwalimu tayari, nilikaa dakika 14 kwenye swali moja la kapi kwa sababu ya ubishi tu, nilijua nalijua. Nililipata. Nikapoteza matano ya mwisho ambayo sikuyasoma kabisa na mawili kati yake yalikuwa mepesi kama yale ya Form Three. Ubishi una bei yake na bei yenyewe ilikuwa dakika 14 kwa alama 4.

Siku hizi nawafundisha wapite karatasi nzima mara mbili. Mara ya kwanza wanachukua yale ambayo wakiuliza nini hakibadiliki jibu linakuja hapo hapo, mara ya pili ndio wanakaa na yenye mishono. Sio siri ya ajabu ila ukiwa na jasho mkononi ni ngumu kuacha swali uliloanza.

Wiki iliyopita tulimaliza na swali lisilo na namba hata moja, nayapenda haya kwa sababu hakuna pa kuficha kichwa. Uko kwenye mtumbwi katikati ya ziwa Duluti pale Tengeru, ndani ya mtumbwi una jiwe kubwa. Unalitupa majini, linazama mpaka chini. Usawa wa maji ya ziwa unapanda, unashuka au unabaki?

Walibishana nusu saa. Kundi la unapanda lilikuwa kubwa, maana jiwe limeingia majini, vipi maji yasipande. Kundi la unabaki lilikuwa na hoja nzuri, kwamba jiwe lilikuwa ziwani tangu mwanzo, lilikuwa limebebwa tu. Nikawaambia fanyeni jiwe liwe la kichawi, dogo kama punje ya mbaazi lakini lina uzito wa tani moja, na mtumbwi ni mkubwa wa kulibeba. Likiwa mtumbwini maji yanayosukumwa ni ya uzito wa tani nzima, kwa sababu kinachoelea kinasukuma maji ya uzito wake. Likiwa chini ya ziwa linasukuma maji ya ukubwa wa mbaazi. Ukimya. Halafu yule chalii wa daftari la rangi akasema taratibu, unashuka. Jiwe la kawaida la kilo 20, ambalo ni zito kama mara 2.5 ya maji, mtumbwini linasukuma lita 20, chini linasukuma lita 8, ziwa linadaiwa lita 12. Duluti huwezi kuona, lakini tulichukua beseni, bakuli la plastiki na jiwe la kusagia vitunguu saumu, tukachora alama kwa kalamu, na maji yalishuka chini ya alama, kidogo lakini yalishuka, na wale wa unapanda wakasogea karibu kuangalia kama bakuli halijavuja.

Mdogo wake mmoja wao, yuko Form Two, alikuja kumsubiri kaka yake tu na alikuwa amekaa mlangoni na simu, akainua kichwa akauliza, na ukitupa gogo? Wakubwa wote wakageuka kuniangalia. Sikujibu, nilimsogezea beseni.